"Oni" ya Kawamoto: tuiite Zimwi, Jini au Mchawi?

Mshumaa wa Tanga anauliza:

Salaam kwenu, wapenzi wa lugha. Kikundi chetu cha watazamaji wa filamu hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa kuazima hapa Tanga, na safari hii tumeamua kuonyesha filamu fupi ya vikaragosi iitwayo *Oni*, iliyotengenezwa mwaka 1972 na Kihachiro Kawamoto wa Japani. Inachukua dakika nane hivi, haina mazungumzo, na sauti inayotawala ni ya nyuzi za shamisen, chombo ambacho masikio ya hapa hayatakosa kukifananisha na gambusi. Maandishi yake ni machache kiasi kwamba kuyafasiri kulionekana kuwa kazi ya jioni moja, ndiyo maana nilijitolea bila kufikiri mara mbili. Jioni hiyo sasa imeingia wiki ya tatu, na sijavuka hata jina la filamu.

Kwa wasioijua, kisa kilichoizaa kimo katika *Konjaku Monogatarishu*, mkusanyo wa hadithi zaidi ya 1,000 uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 12. Ndugu wawili wawindaji wanaishi na mama yao mkongwe. Usiku mmoja wanaingia mwituni kuvizia kulungu, kila mmoja akiwa juu ya mti wake kwenye ulingo, mfano wa dungu tunalojenga kulindia mpunga dhidi ya ndege na ngedere. Katika giza lile mkono mkavu, uliokonda, unashuka kutoka juu na kumkamata kaka mtu kwenye fundo la nywele za utosini. Mdogo wake hamwoni. Anaelekeza mshale kwa kufuata sauti tu, anaachia, na mkono unakatika kwenye kifundo. Wanaurudisha nyumbani, wanamsikia mama akiguna chumbani mwake, wanawasha moto wautazame vizuri ule mkono, na hapo wanautambua kuwa ni wa mama yao.

Neno "oni", jina la kiumbe mla watu wa hadithi za Kijapani, ndilo linalonitesa. Nimeandika "jini" nikafuta, nikaandika "mchawi" nikafuta, sasa nimeandika "zimwi" na kidole kiko tayari kufuta tena. Liko pia wazo la kuliacha neno lenyewe la Kijapani na kumwachia mtazamaji ahangaike nalo. Naomba hoja, tafadhali, maana kura nimekwisha kuzipiga peke yangu na kila mara zinalingana.

Mwalimu wa Fasihi Simulizi anajibu:

Bwana Mshumaa, andika "Zimwi" na ukiondoe hicho kidole.

Zimwi la ngano zetu linakula watu, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya huyo oni wako. Mchawi wa kisasa anaweza kuishia kukutupia chuma ulete dukani, na jini anaweza kuishi na mtu miaka mingi akidai manukato na mbuzi tu. Pili, zimwi hubadili umbo. Ngano ya kijana mtanashati anayemwoa msichana mwenye maringo, kisha bibi harusi akagundua kwamba mumewe ana mdomo wa pili kisogoni, imesimuliwa kwa sura nyingi Afrika Mashariki, na Wakikuyu wanamwita kiumbe huyo *irimu*, jina ambalo ukilitamka polepole utasikia undugu wake na zimwi letu. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, zimwi halikuanza maisha yake kama dubwana la kutishia watoto, kwa sababu linatoka katika shina moja na *mzimu* na *kuzimu*, yaani kabla ya kuwa mla watu lilikuwa jambo la wafu na wazee wa ukoo. Kwa hiyo mtazamaji atakapomwona mama mkongwe akitokea mwishoni, neno litakuwa limekwisha kumwandalia njia bila yeye kujua.

Halafu tunayo methali, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Sijui kama iko methali nyingine duniani inayoweza kuketi karibu na filamu hiyo na kuipinga uso kwa uso namna hii. Sisi tunasema zimwi linalokujua litakubakiza. Kisa cha Wajapani kinamleta zimwi anayekujua kuliko kiumbe chochote, aliyekuzaa na kukunyonyesha, naye ndiye anayekufuata mwituni gizani. Lichapishe hilo kwenye tangazo la onyesho, watu watajaa.

Nakiri kasoro moja. Zimwi la ngano ni la nje, linavaa utu ili liingie ndani. Mama wa kisa hiki ni mtu wa ndani aliyegeuka kuwa zimwi. Safari ni ileile, lakini imeanzwa upande wa pili. Sidhani kama kuna neno la Kiswahili linaloibeba safari hiyo ya kinyume, na filamu yenyewe ndiyo itakayoieleza.

Mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, anajibu:

Nakubaliana na Mwalimu, ila nataka "jini" liondolewe kwa sababu iliyo wazi zaidi, ili asitokee mtu wa kulirudisha mezani. Kwetu jini si neno la hadithi tu. Ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto kama mwanaadamu alivyoumbwa kwa udongo, ana ukoo wake, ana umri wake, ana dini yake, wapo Waislamu na wapo makafiri. Mtu hawi jini hata akiishi miaka mia mbili. Ukiandika "Jini", mtazamaji wa Unguja atafahamu kwamba mama amekaliwa na kitu, na mara moja ataanza kumsubiri mganga, ubani na ngoma ya kumpunga, vitu ambavyo filamu haina. Akimaliza atakuuliza kwa nini wale vijana hawakumpeleka mama yao kwa fundi.

Kosa hilohilo limo katika "pepo". Pepo hupanda na hushuka, na akishuka mtu anabaki yuleyule, ilhali huyo mama hakupandwa na chochote; ukimwondoa oni hapo hapabaki mama.

Msomaji kutoka Shinyanga anajibu:

Wakuu wangu mmelitupa "jini" kwa hoja nzuri, lakini naona "mchawi" limeachwa kando kimyakimya kana kwamba ni suala la ladha. Mimi nasema lisitumike kabisa, na nina sababu inayotoka mbali na fasihi.

Tazameni kisa kilivyo. Mama mzee, chumba cha giza, jambo baya limetokea usiku, kisha ushahidi unaonekana mwilini mwake. Mnajua wenyewe ni vikongwe wangapi wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa mapanga kwa mantiki hiyohiyo, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa kupulizia moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Pwani ya Kenya, huko Kilifi, wazee wamesingiziwa na kuuawa vilevile, na huko mvi tu zimetosha kuwa hatia. Ukiweka neno "mchawi" juu ya filamu hiyo, katika ukumbi ambao huenda una kijana aliyekwisha kusikia minong'ono juu ya bibi wa jirani, filamu itageuka kuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Nimesoma pia kwamba kisa cha kale kinafunga kwa kusema kuwa mzazi akizeeka kupita kiasi hugeuka oni na kutaka kumla hata mwanawe. Naomba mniambie kama ni kweli, kwa sababu kama sentensi hiyo imo katika maandishi anayoyafasiri ndugu Mshumaa, tatizo lake si la neno moja.

Kwa Wasukuma zimwi letu ni Shing'weng'we, aliyemeza watu na mifugo mpaka kijana Masala Kulangwa alipomshinda na walioliwa wakatoka wazima. Hakuna bibi yeyote aliyewahi kukatwa panga kwa kuitwa Shing'weng'we. Kwa hiyo "Zimwi" nalipigia mkono, kwa sababu halina mtu wa kunyooshewa kidole mtaani.

Mhamiaji wa Osaka anajibu:

Nimeishi hapa Osaka mwaka wa sita sasa, nikitokea Mombasa, na neno hili hunipitia masikioni kila Februari, wakati wa Setsubun, ambapo baba wa nyumba au mwalimu wa chekechea huvaa kinyago chekundu chenye pembe, na watoto humtupia soya zilizokaangwa huku wakipiga kelele, "Oni nje, baraka ndani!" Huyo ndiye oni wanayemjua watoto: pembe za ng'ombe, nguo ya ngozi ya chui milia kiunoni, rungu la chuma mkononi. Ndiye pia aliyefuatwa kisiwani na Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya pichi, akiwa na mbwa, nyani na ndege aina ya kwale mkubwa. Kama filamu ya Kawamoto ingekuwa ya oni huyo, "dubwana" lingetosha na tusingekuwa hapa tukibishana.

Lakini oni wa *Konjaku* ni wa zamani zaidi na hana sare. Kamusi ya Kijapani ya karne ya 10 ilieleza kwamba jina lake limetokana na neno lenye maana ya "kujificha", kwa kuwa kiumbe huyo hapendi kuonekana, na herufi ya Kichina wanayomwandikia kwa asili ilimaanisha roho ya mfu. Mwalimu aliposema zimwi na mzimu ni ndugu nilicheka peke yangu kwenye treni, maana Wachina na Waswahili wamefika mahali pamoja bila kushauriana.

Ndugu wa Shinyanga, sentensi uliyoiuliza ni ya kweli, imo mwishoni mwa kisa, na ni kali kama ulivyosema. Tamaduni za huku zina mfano mwingine wa mkono uliokatwa: shujaa Watanabe no Tsuna alimkata oni mkono langoni Kyoto, akaufungia sandukuni, na oni akarudi kuuchukua akiwa amejigeuza bibi mzee wa ukoo wake, akaomba kuuona tu kwa macho. Pale bibi ni vazi. Katika kisa cha ndugu wawindaji hakuna vazi, na nadhani ndicho kilichomvutia Kawamoto, kwa sababu alifanya kazi na nyuso zisizoweza kubadilika.

Hili nalo linahusu tafsiri, msinione nimepotea njia. Kawamoto alikwenda Praha mwaka 1963 kujifunza kwa Jiří Trnka, bingwa wa filamu za vikaragosi, na Trnka ndiye aliyemhimiza arudi kwenye mapokeo ya kwao badala ya kuiga ya Ulaya. Aliporudi alichukua adabu ya Noh, michezo ya jukwaani ya jadi ya Kijapani, ambamo kinyago kimoja cha mbao hubeba hisia zote: mchezaji akikiinua kidogo, mwanga unakipata na uso "unang'aa", akikiinamisha, kivuli kinashuka chini ya paji na uso "unatanda wingu". Tazama filamu ukiwa umeondoa sauti, uangalie kichwa cha kikaragosi kinavyoinamishwa, kisha ukumbuke kwamba filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika nane ni fremu zaidi ya 11,000, na kila mwinamo umepangwa kwa vidole vya mtu. Mtu aliyetengeneza kazi hiyo hakutaka jina la filamu lifanye kazi ya uso.

Kwa sababu hiyo nilikuwa tayari kushauri kwamba neno "Oni" liachwe lilivyo. Nimebadili nusu ya mawazo. Mtazamaji wa Kijapani hakulikuta neno geni kwenye pazia. Alikuta neno alilolisikia utotoni kwa bibi yake. Ukimpa mtazamaji wa Tanga sauti isiyo na maana, umempa kitu ambacho Mjapani hakupewa. Weka "Zimwi" kwa herufi kubwa, na "Oni" chini yake kwa ndogo.

Jambo moja la nyongeza, Bwana Mshumaa: hadithi zote za *Konjaku* huanza kwa maneno "Ima wa mukashi", ambayo ukiyafasiri moja kwa moja yanakuwa "Sasa ni zamani". Iwapo utayahitaji kwenye utangulizi wako, usikimbilie "Hapo zamani za kale". Yao inamchukua msikilizaji aliyeko sasa na kumhamisha. Ingefaa zaidi "Paukwa", kisha ukanyamaza, uone kama ukumbi utaitikia.

Mwalimu wa Fasihi Simulizi anajibu:

Utaitikia. Ila sentensi ya mwisho ya kisa isifasiriwe kama kanuni ya dunia. Iandike kwa kumtaja msemaji: "Watu wa kale walisimulia kwamba..." Si kuipaka sukari, hadithi za mkusanyo ule zenyewe hufunga kwa kusema kuwa ndivyo zilivyosimuliwa na kurithishwa, kwa hiyo umbali huo ni wao, hatukuubuni sisi.

Mshumaa wa Tanga anarudi:

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni wote. Baada ya kuwasoma nilifanya jaribio la kienyeji. Jana usiku umeme ulikatika, nikawasimulia kisa hiki wapwa zangu wawili, mmoja ana miaka minane na mwingine kumi na mmoja, lakini kila mmoja nilimsimulia peke yake. Mkubwa nilimwambia ni kisa cha mchawi. Sikuwa nimefika hata kwenye mti alipouliza, "Ni mama yao, siyo?" Nilipomuuliza amejuaje, alisema mchawi huwa ni mtu wa nyumbani na humo ndani hakuna mtu mwingine. Mdogo nilimwambia ni kisa cha zimwi. Huyo aliuliza liko mti gani, lina macho mangapi, akawa anatazama juu kwenye dari muda wote, na nilipofika kwenye ule moto waliouwasha kuutazama mkono alinyamaza kabisa, kisha akasogea akamwegemea bibi yake.

Basi nimepata jibu ambalo sikuwa nimeliona katika hoja zangu zote. Mchawi anamwelekeza mtazamaji nyumbani tangu mwanzo, na zimwi linamwelekeza mwituni, kule walikoelekea wale ndugu wawili. Filamu inataka sote twende mwituni kwanza. Jina ni *Zimwi*, na "Oni" itakaa chini yake kwa herufi ndogo kama alivyoshauri ndugu wa Osaka. Sentensi ya mwisho nitaiandika kwa namna ya Mwalimu, na kwa heshima ya msomaji wa Shinyanga nitasema maneno mawili kabla ya taa kuzimwa kuhusu vikongwe wetu, bila hotuba.

Limebaki swali ambalo si langu. Mama yangu, ambaye ndiye bibi aliyeegemewa, alikuwa hapo muda wote akichambua mchele kwa mwanga wa kandili na wala hakuonekana kusikiliza. Nilipomaliza, hakuuliza kuhusu oni wala zimwi. Aliuliza, "Walimzika?" Sikuwa na jibu, na leo asubuhi ameniuliza tena.

Mhamiaji wa Osaka anajibu:

Mwambie Mama, kwa salamu zangu, kwamba katika kitabu jibu lipo. Usiku uleule vijana walifungua mlango, mama yao akainuka kutaka kuwarukia, nao wakamwuliza kama huu ni mkono wake, wakautupa ndani, wakafunga mlango na kuondoka. Hakupita muda mrefu akafariki. Walirudi, wakamtazama kwa karibu, wakaona kwamba kweli mkono mmoja haukuwa na kiganja.

Kisha wakamzika.